Treni ya picha Kindu: kwanza tuchague mwaka

Picha zile zilizozunguka katika kikundi chetu nimeziona: masini ya moshi inayopanda milima ya Eritrea, na ingine ya Nairobi, nyekundu, ndefu kama nyumba tatu zilizofungwa pamoja. Nimesoma pia maneno yaliyofuata. Mmoja wetu aliandika: «Wazungu wanalipa dola elfu kadhaa kusudi tu wapige picha ya treni ya zamani. Siye Kindu tuko na gare, tuko na reli, tuko na Lualaba. Tunapungukiwa na nini?» Mwingine akajibu: «Masini tu.» Tukacheka sana.

Mimi ni mtu wa mashamba, si mtu wa reli. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, kwa sababu ndani yake historia ni nyingi kuliko biashara. Mtu anayetaka treni ya picha hataki treni tu, anataka treni ya mwaka fulani. Na ukishachagua mwaka, umechagua pia nani ataonekana katika picha na nani ataondolewa. Kwa njia yetu, ile ya Kindu mpaka Kongolo, kuchagua mwaka si kitu chepesi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu hatujui inafanywa namna gani.

Treni ya picha ni treni inayokodiwa na kikundi cha wapenzi wa treni, watu ishirini au thelathini hivi. Hawaikodi kwa kwenda mahali, wanaikodi kwa kuipiga picha. Wanapanda, wanasafiri kidogo, treni inasimama mahali pazuri: kwenye daraja, kwenye kona, kwenye mlima mdogo. Wote wanashuka na vyombo vyao na kujipanga katika mstari mmoja. Sheria ya mstari ule ni kali: mtu hapiti mbele hata hatua moja, kwa sababu kichwa chake kitaingia katika picha ya wenzake wote. Kiisha treni inarudi nyuma, mita mia tano au kilometa moja, mpaka haionekani tena. Inapiga filimbi. Inakuja na nguvu zote na moshi wote, inapita mbele yao kama vile ina haraka ya kufika mbali, halafu inasimama, inarudi, inawapandisha. Kama wingu lilifunika jua, wanaomba ipite tena. Mara mbili, mara tatu. Mashinisti anachoka, lakini amelipwa.

Anayepanga safari kama ile anachunga kitu kimoja zaidi ya vyote: kila kinachoonekana kiwe cha wakati mmoja. Vagoni, rangi, namba zilizoandikwa ubavuni, taa, kofia ya mashinisti. Nguzo ya simu haitakiwi, wala ile gile ya rangi ya machungwa inayovaliwa na wafanyakazi wa leo. Kule Ulaya wanafika hata kukodi watu wa kuvaa nguo za zamani na kusimama kwenye gare na masanduku ya ngozi mkononi, kama wasafiri.

Kilichonichekesha mimi ni moshi. Mpiga picha anataka moshi mweusi, mzito, unaopanda mpaka mbinguni. Lakini waulize wazee wa kazi ile: moshi mweusi ni alama ya kazi mbaya. Maana yake moto haupati hewa ya kutosha, na mafuta au makaa yanatupwa hewani bila kutoa joto lote. Zamani mtia moto aliyetoa moshi kama ule angegombezwa na mkubwa wake. Leo kwenye treni ya picha anaombwa autoe kwa makusudi, na akiutoa vizuri anapigiwa makofi. Kwa hiyo picha inayoonekana «ya kweli» kabisa inamwonyesha mfanyakazi akifanya kile ambacho zamani alikatazwa.

Na ule mvuke mweupe, nao unataka baridi. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Tunachokiona ni matone madogo ya maji unapopoa. Hewa ikiwa ya moto, matone yanapotea mara moja. Kindu tuko karibu digri tatu kusini ya ikweta. Jua letu linapanda wima, digri kumi na tano hivi kila saa, na wapiga picha wa treni wanataka jua la chini, lile linaloangaza magurudumu na tumbo la masini. Piga hesabu: kiisha saa mbili tangu jua kutoka, limefika karibu digri thelathini, na kwao limeharibika. Tunabaki na saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, na baridi kidogo iko asubuhi tu, zaidi katika miezi ya kiangazi. Ndiyo maana hata kabla ya kuzungumza masini, siku ya treni ya picha huku kwetu ingekuwa fupi sana, na mchana kutwa wageni wangekaa chini ya mwembe wakinywa maji.

Tamaa hii ilitoka wapi? Uingereza, kampuni ya reli ya taifa iliacha masini za moshi Agosti 1968. Afrika ya Mashariki iliziacha karibu 1980. China, njia kubwa ya mwisho iliyokuwa ikivutwa na masini za moshi ilifika mwisho wake Desemba 2005. Kila mara mlango mmoja ulipofungwa, wapenzi wa treni walikwenda mbali zaidi kutafuta mwingine. Na pale treni ya kweli ilipokwisha kabisa, wakaanza kuitengeneza.

Kutengeneza ukweli kwa ajili ya picha hakukuanza jana. Marekani, kati ya 1955 na 1960, O. Winston Link alipiga picha za treni za moshi za kampuni ya Norfolk and Western usiku, kwa taa zake mwenyewe, taa nyingi zilizounganishwa kwa waya mamia ya mita. Katika picha yake moja inayojulikana zaidi, ya 1956, treni inapita nyuma ya uwanja wa sinema ambapo watu wanatazama wakiwa ndani ya magari yao, na juu ya kitambaa cha sinema kuna ndege ya vita. Ile ndege aliiweka baadaye, kwa sababu mwanga wa taa zake ulikuwa umefuta kila kitu kilichokuwa kwenye kitambaa. Watu wanaiita picha ya kweli ya Marekani ya miaka ile. Na kwa upande wake ni kweli.

Karibu na siye zaidi: filamu ya Out of Africa, iliyotoka 1985, iliyopigwa Kenya. Treni ile nzuri inayokata mbuga na moshi wake ilikuwa ikisukumwa na masini ya dizeli iliyovalishwa umbo la behewa la mizigo. Moshi ulitoka kwenye mipira ya magari iliyochomwa. Huku kwetu Kongo, 1951, John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, Ubundu ya leo. Hadithi ile ni ya Afrika ya Wajerumani mwaka 1914, lakini sehemu moja ya msitu unaouona ni msitu wetu. Kwa hiyo siye watu wa Lualaba tumekwisha kuonekana katika sinema za dunia, ila kwa jina la watu wengine.

Nairobi ni jambo la namna nyingine, maana pale masini ni ya kweli. Makumbusho ya reli yalifunguliwa 1971, na ndani yake kuna masini namba 5918, Mount Gelai. Ni moja kati ya 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi, na hazijatengenezwa zingine zenye nguvu kuzipita kwa reli ya upana wa meta moja. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ile 5918 iliamshwa, pamoja na ndogo yake 3020, Nyaturu, na wageni walikuja kuzipiga picha njiani. Tazameni majina: Gelai ni mlima wa Tanzania, Wanyaturu ni watu wa Singida, lakini masini ziko Kenya. Reli ilikuwa moja ya nchi tatu, mpaka ushirika ule ulipovunjika 1977. Mgeni anayepiga picha ya namba na jina la masini anapiga picha ya nchi tatu zilizoachana, hata kama hajui.

Lakini mfano unaonigusa mimi ni Eritrea, na hapo nitakaa kidogo.

Waitaliano walianza njia ile Massawa, baharini, mwaka 1887, na wakafika Asmara 1911. Kilometa 118 tu, lakini kutoka usawa wa bahari inapanda mpaka zaidi ya mita 2,300, kwa madaraja na mashimo ya milima. Upana wa reli ni milimita 950, kipimo chao wenyewe. Katika miaka ya 1970 vita viliifunga. Askari waling'oa vyuma na kuvitumia kujenga mahandaki. Kiisha uhuru, mwaka 1994 serikali ikaamua kuirudisha, na wataalamu wa nje waliposema gharama, Waeritrea wakasema: tutafanya siye wenyewe. Wakawaita wazee. Mashinisti, mafundi wa chuma, watu wa kunyoosha reli, wengine walikuwa wamepita miaka 70. Walirudi na kukusanya vyuma vilivyokuwa vimezikwa katika mahandaki. Walizifungua masini za Ansaldo za mwaka 1938, wakatengeneza kwa mkono vipande vilivyokosekana, kwa sababu hakuna duka duniani linaloviuza. Mwaka 2003 reli ilifika tena Asmara.

Wapenzi wa treni walipokuja na vyombo vyao, wakakuta kitu ambacho hawawezi kukipanga kwa pesa: mashinisti mzee mwenye mikono iliyojua kazi ile tangu ujana. Kofia haikuwa ya kukodi. Picha nzuri za Eritrea, mimi naona, ni zile ambazo yule mzee anaonekana dirishani.

Sasa turudi kwetu. Tuko na hesabu ya kufanya.

Tuchukue kwanza mwaka 1911. Kampuni ya CFL, reli ya Kongo ya juu mpaka Maziwa Makubwa, iliundwa 1902, na mwenye mkono mkubwa ndani yake alikuwa Baron Empain wa Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa kupita mahali ambapo Lualaba inakataa mashua. Kipande cha kwanza, Stanleyville mpaka Ponthierville, kilometa 125, kilifunguliwa 1906. Toka Ponthierville mashua zilipanda mpaka Kindu. Toka Kindu, kwa sababu ya maporomoko na ile mlango wa mawe juu yake ambayo wazungu waliiita Milango ya Jehanamu, wakajenga kilometa 355 mpaka Kongolo, zikamalizika mwisho wa 1910. Kipande cha tatu, Kabalo mpaka Albertville, Kalemie ya leo, kilometa 273, kilifika ziwani 1915. Hivi njo Kindu ilipata umbo lake: mahali ambapo kila gunia linashuka mashua na kupanda treni, juu ya mabega ya mtu. Kiswahili ninachoandika hapa kilitangulia, kilikuja na misafara ya Waungwana wa Nyangwe na Kasongo. Lakini mji wenyewe ni mtoto wa reli.

Picha ya 1911 ingeonyesha nini? Masini ndogo, vagoni chache, msitu pande zote. Na kuni. Kuni zimepangwa kando ya njia kama ukuta, kwa maana masini zile zilikula kuni. Hapa nipeni ruhusa niongee kama mtu wa agronomia. Kilo moja ya kuni kavu inatoa nusu ya joto la kilo moja ya makaa mazuri ya mawe. Kuni mbichi inatoa chini ya hapo, kwa sababu moto unatumia nguvu zake za kwanza kukausha maji. Steri moja ya mti mgumu, yaani meta moja kila upande, ina uzito wa karibu nusu tani. Maana yake kila tani ya makaa ambayo kampuni haikuileta kutoka mbali, ilihitaji steri nne za kuni kutoka msituni kwetu. Mtu aliyekata kwa shoka, akapasua, akabeba na kupanga steri moja kwa siku, huyo amefanya kazi ya kumtosha. Zidisha kwa kila treni, kwa kila wiki, kwa miaka mingi.

Wapiga picha wangezipenda rundo zile za kuni, zinapendeza kwa macho. Swali langu ni hili: tungeweka nani pembeni mwa rundo? Kongo ilikuwa imetoka mkononi mwa Leopold mwaka 1908 tu, na mazoea ya kulazimisha watu hayakwisha kwa kubadilisha bendera. Mkata kuni hakupanda treni. Sijaona picha ya zamani ya njia hii inayomtaja kwa jina lake. Masini inatajwa, hata daraja linatajwa.

Basi, mtu atasema, tuache 1911, tuchukue 1952. Ndiyo miaka ambayo wapenzi wa treni wote wanaipenda: masini zimekuwa kubwa zaidi, gare zimepakwa chokaa, kila kitu kinang'aa. Sawa. Tupange treni ya mizigo ya 1952, na tuwe wakali juu ya ukweli kama wao walivyo wakali juu ya rangi ya vagoni. Ndani ya vagoni tunaweka nini? Mchele wa Maniema. Pamba. Mafuta ya ngazi. Mawe ya bati yaliyoshuka kwa magari kutoka Kalima, kwenye machimbo ya Symétain, kampuni iliyoanzishwa 1932.

Mchele na pamba zile hazikulimwa kwa hiari. Toka 1917 sheria iliruhusu utawala kumlazimisha mwanakijiji kulima kile kilichoamriwa, siku 60 kwa mwaka kwa maandishi, na mashambani mara nyingi kupita hapo. Pamba ya lazima ilianza mapema upande wetu huu. Aliyepita na kamba ya kupima shamba, kuona kama umelima kipande chako, alikuwa monitere wa kilimo, na nyuma yake kulikuwa na kifungo na fimbo. Yule ni babu wa kazi yangu. Vijijini, ukifika na daftari na kusema wewe ni agronome, kuko wazee wanaokuangalia kwanza kwa kimya kirefu. Nimeuelewa ule kimya niliposoma treni ilikuwa inabeba nini.

Na abiria? Vagoni za wazungu peke, za weusi peke. Treni ya picha ya 1952 iliyo ya kweli ingetakiwa kuwapanga wageni wetu wote mbele, viti vya kitambaa, na siye wenyeji nyuma kwenye mbao. Mpangaji gani atathubutu? Lakini akiwachanganya, picha imekuwa uongo, na wao ndio wanaosema hawataki hata bulongi moja ya uongo.

Kuna pia jambo la milimita 67, nalipenda sana. CFL ilijengwa kwa upana wa meta moja, sawasawa na Kenya na Tanganyika. Mwaka 1955 waliihamisha, ikawa meta 1 na milimita 67, kusudi iungane na reli za Katanga na za kusini. Na mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kikafunga ile njia. Milimita 67 ni upana wa vidole vinne hivi. Kwa ajili ya vidole vinne vile, Mount Gelai haiwezi kutembea Kindu hata siku moja, hata kama Nairobi wangetupa bure. Kinachoweza kufika kwa magurudumu yake ni masini ya kusini. Ukiangalia karta, kutoka Bulawayo mpaka Kindu ni upana mmoja, kupitia Zambia, Sakania, Lubumbashi, Kamina na Kabalo. Na Bulawayo kuko masini za moshi zilizokuwa zikikodiwa kwa picha. Lakini ni nzito, ni za Rhodesia ya zamani, na reli yetu imechoka. Tungeifikisha kwa taabu yote ile, wageni wangeshuka, na mjuzi mmoja kati yao angesema: «Hii si ya hapa.» Angekuwa na haki.

Kuna mwaka ambao hakuna kikundi kitakachouchagua. Nitautaja kwa kifupi kwa sababu uko juu ya kipande cha kwanza kabisa cha CFL, kile cha Kisangani mpaka Ubundu. Mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamekaa kando ya reli ile, Kasese na Biaro. Tarehe 4 Mei treni iliyowachukua kutoka Biaro kwenda Kisangani ilijazwa mpaka watu wakakosa hewa. Walifikia 91 waliokufa, wamekanyagwa na kubanwa ndani ya vagoni. Wapiga picha wa magazeti walikuwapo. Zile ni picha za treni pia, na hakuna aliyezipanga.

Kwa hiyo nikijibu swali la kikundi, tunapungukiwa na nini, sitasema masini. Masini ni chuma, na Waeritrea wametuonyesha kwamba chuma kinachimbwa hata katika handaki. Walichokuwa nacho wao mwaka 1994 ni wazee waliokuwa wanajua. Hebu tupige hesabu yetu. Kijana wa Kindu aliyeingia kazi ya kutia kuni akiwa na miaka 18, mwaka 1955 wakati reli inapanuliwa, leo anakaribia miaka 90 kama bado yuko hai. Vita vya 1998 vilisimamisha treni miaka mingi, na watu walisukuma baiskeli zenye mizigo mamia ya kilometa. Familia zilitawanyika, karatasi za nyumbani ziliungua. Ukimpata mmoja anayekumbuka kuwasha moto wa masini baridi, kazi ya saa nyingi za usiku ili treni iondoke asubuhi, umepata kitu kuliko masini yenyewe. Eritrea walianza na wazee, wakamalizia na wageni. Siye katika kikundi tulianza na dola za wageni.

Mimi sikatai treni ya picha. Ningefurahi kuiona, na ningejipanga katika ule mstari wao bila kupita mbele. Lakini kama ningepewa kuipanga, ningeipanga kwa dizeli, treni ile inayokuja sasa siku inayotaka yenyewe, na magunia, mbuzi, bidoni za njano, na watu juu ya paa. Wapenzi wa treni wanaziita picha kama zile chafu. Kiisha miaka 50 watatafuta bidoni za njano za kukodi kusudi waipange tena, na watauliza ilikuwa njano ya namna gani. Jambo la ruhusa ya kupiga picha gare na daraja silisemi hapa, kila mmoja wetu anajua maswali yatakayotoka: «Oda ya misioni iko wapi?» Na lazima yazungumzwe mapema na wakubwa, si siku ile ile.

Lakini kabla ya dizeli na kabla ya ruhusa, kuna kazi isiyolipwa ambayo kikundi chetu kinaweza kuianza juma hili. Kati ya Kindu na Kibombo masini zilisimama mahali pengi kuchukua kuni na maji. Zile poste zilikuwa na majina, majina ya capita, ya mto, ya mti. Zingine zimekuwa vijiji, zingine zimerudi msitu. Mwenye babu au nyanya aliyeishi kando ya reli, Mikelenge, Kasuku, Kibombo, Samba, popote, amuulize pole pole, si kwa haraka ya simu: poste ya kuni iliyokuwa karibu inaitwaje? Nani alikata, na alilipwa nini kwa steri moja? Waliukata mti gani kwanza, na gani walikataa kwa sababu ya cheche? Filimbi ngapi ilikuwa alama ya kuomba maji? Andikeni hapa chini jina la mzee, mwaka wake, na neno lake kama alivyolisema, hata kama Kiswahili chake si cha kitabu. Nitaanza mimi kuyapanga kwa kilometa, kutoka gare ya Kindu kwenda juu.